Placidi Ashusha Sauti

Placidi Kapinga wa Mapera alikuwa na simu, lakini aliibeba kwa heshima tu. Akitaka kuzungumza na mtu wa mlima wa pili, alisimama ukingoni mwa shamba lake la kahawa, akavuta pumzi, akaita. Aliyeitwa aliitika. Na wasioitwa waliitika pia, ili asirudie.

Kanisani kwaya ilimweka mstari wa nyuma kabisa, na bado yeye ndiye aliyesikika wa kwanza. Mkewe, Tadea, alikuwa amezoea. "Mimi niliolewa na mashine ya kusaga," aliwaambia wanawake wenzake. "Ikinyamaza ndipo ninaposhtuka."

Mtu mmoja tu hakuzoea. Huyo alikuwa binti yao Otilia, mwenye miaka kumi na mitano.

Tangu utotoni Otilia alikuwa na mambo yake. Sweta yenye lebo shingoni hakuivaa hata kwenye baridi ya Juni. Wageni wakiingia kwa mlango wa mbele, yeye alitoka kwa mlango wa nyuma. Shikamoo alitoa, tena kwa wakati, lakini huku akiutazama ukuta, kwa hiyo ukuta wa Kapinga uliamkiwa kuliko wazee wote wa kijiji. Watu wakasema mtoto ana kiburi. Placidi alipoambiwa hivyo, alimkemea. Otilia akaziba masikio. Placidi akaona kuwa kiburi chenyewe ndicho hicho, akaongeza sauti.

Hata hivyo darasani Otilia alifanya vizuri, na hakuna aliyejua anahangaika kiasi gani. Aliwatazama wasichana wenzake wanavyocheka, naye akacheka vivyo hivyo. Aliwatazama wanavyosimama wakipiga soga, naye akasimama vivyo hivyo. Akirudi nyumbani alikuwa amechoka kuliko mtu aliyetoka kulima.

Kidato cha pili, akiwa bweni, mambo yaliharibika. Bwenini kulikuwa na kengele ya alfajiri, ndoo za bati, na wasichana wengi waliozungumza kwa pamoja. Siku moja shule ikapata mgeni wa heshima. Baada ya hotuba ndefu mgeni aliuliza kama kuna mwenye maoni. Otilia akanyoosha mkono. Akasema kwamba mgeni amelirudia jambo lile lile mara nyingi, na kwamba zipu yake iko wazi. Yote mawili yalikuwa kweli, na hilo halikumsaidia. Mwalimu mmoja alimfokea mbele ya shule nzima. Otilia akapiga kelele, akakimbia, akajifungia kwenye stoo ya majembe mpaka jioni. Wiki ile ile akarudishwa nyumbani akapumzike.

Nyumbani nako hakukaa ndani. Alibeba mkeka na madaftari yake, akahamia kwenye ghala la kahawa, ambalo lilikuwa tupu kwa kuwa mavuno yalikuwa bado. Alikula humo. Alisoma humo. Baba yake akiingia uani, mlango wa ghala ulifungwa.

Placidi hakumwambia mtu, lakini jambo hilo lilimuuma sana. Alikuwa na mtoto mmoja tu duniani, naye alimwona kwa nadra kuliko alivyowaona wakwe zake wa Mbaha, kule ziwani. Alitaka binti yake arudi mezani. Hakujua aanzie wapi.

Upande wa chini wa njia aliishi Mwalimu Edina, aliyefundisha watoto wenye mahitaji maalumu katika shule ya msingi. Mwalimu huyu alikuwa na akili nyingi na usahaulifu mwingi. Kila nyumba aliyoitembelea aliacha mwavuli wake. Yeye ndiye aliyewashauri wampeleke Otilia kwa daktari, Songea.

Daktari hakuwa na haraka. Alizungumza na Otilia peke yake, akawauliza wazazi habari za utoto wake, akawaita tena siku nyingine. Mwishowe akasema kwamba Otilia ana usonji, na kwamba amezaliwa nao.

"Usonji?" Placidi aliuliza, na wagonjwa wote kwenye benchi la nje wakanyamaza. "Miaka yote hii tusiuone?"

"Wasichana wengi wanachelewa kutambuliwa," daktari alisema. "Wanawaiga wenzao, na sisi tunadhani mambo ni sawa. Lakini kuiga kutwa nzima kunachosha sana."

Otilia alikuwa akitazama dirishani. "Kwa hiyo mimi siyo mkorofi," akasema.

"Hapana. Wala hujawahi kuwa."

"Vizuri. Nilikuwa nimeanza kuamini."

Basi Placidi akarudi Mapera na neno jipya, naye hakuwa mtu wa kukaa na neno. Walikuwa hawajafungua hata mlango, sauti ikaja kutoka mlima wa pili. Alikuwa Mzee Ignatio, mwenyekiti wa jumuiya yao ya kanisa.

"Placidi eee. Daktari amesemaje?"

Hapo ndipo Placidi alipokosea. Hakumuuliza Otilia kama anataka habari zake zisemwe. Alisimama ukingoni mwa shamba, akavuta pumzi, akajibu. Bonde zima likapata majibu ya hospitali. Neno lenyewe lilikuwa geni, na kila lilipovuka kijito liliongezewa kidogo. Lilipofika kwa Mzee Ignatio, Otilia alikuwa mgonjwa. Lilipofika kijiji cha Namswea, alikuwa mahututi.

Na mgonjwa wa Mapera haachwi peke yake. Jumamosi mchana jumuiya nzima ikaja kumjulia hali. Walikuja na sukari, sabuni, na kuku mmoja ambaye hakuifurahia safari. Walikuja wakiimba tangu barabarani. Katekista Joakim alitangulia na maji ya baraka.

Placidi alifurahi mpaka machozi yakamlenga. Asubuhi alikuwa amemtuma Tadea amwambie Otilia arudi akalale kitandani, wageni wasije wakamkuta ghalani. Otilia aliuliza kwa nini mtu alale mchana ilhali hana usingizi, lakini akaenda. Kwa hiyo Placidi aliwaingiza wageni chumbani bila wasiwasi, wakabanana kukizunguka kitanda. Blanketi lilikuwa limeinuka katikati.

Katekista aliongoza sala ndefu. Wakamwombea mgonjwa subira. Wakawaombea wazazi. Mama Violet, ambaye machozi yake hayakuwa mbali, akanyoosha mkono ampapase mgonjwa. Akapapasa. Akapapasa tena.

"Mtoto amekonda huyu," akanong'ona. "Sioni mfupa."

Placidi akafunua blanketi. Palikuwa na mto. Dirisha la nyuma lilikuwa wazi, na pazia lilikuwa likipepea nje. Jumuiya yote ikautazama ule mto uliokuwa umeombewa vizuri namna ile. Kuku akachukua nafasi hiyo kumponyoka aliyemshika, naye akatokea dirishani. Katekista Joakim hakujua kama aimalizie sala au aianze upya.

Placidi akazunguka nyuma mpaka mlangoni mwa ghala.

"Otilia. Watu wamekuja kukuona."

"Wanione nini? Mimi siumwi."

"Wamekuletea sukari."

"Waiweke mezani."

Placidi akapandisha sauti. Akasema mambo ya adabu, ya majirani, ya aibu. Kisha sauti ndogo ikatoka ndani.

"Baba, ukiongea hivyo mimi naumia. Siyo moyoni. Masikioni, kabisa. Nilikwambia nikiwa darasa la kwanza. Nikakwambia tena nikiwa la tano."

Placidi akakumbuka. Ilikuwa kweli. Alikuwa ameambiwa, akadhani ni utundu. Alirudi kwa wageni taratibu, akawakaribisha togwa, na kwa mara ya kwanza jumuiya ikamwona Placidi Kapinga amekaa bila kusema.

Kesho yake, baada ya misa, Mwalimu Edina alipita kuchukua mwavuli wake. Placidi akamvutia kiti kabla hajauliza uko wapi.

"Mwalimu, nieleweshe. Daktari amesema usonji. Mimi naangalia, siuoni. Mtoto ana mikono miwili, miguu miwili, na Hesabu anafaulu. Sasa sauti tu inamuumizaje mtu?"

Edina aliwasha redio, akaiweka katikati ya stesheni mbili, ikabaki inakwaruza tu. Akampa Tadea sufuria na mwiko. Akachukua gunia tupu la katani, akamfunga Placidi shingoni, kwenye ngozi. Kisha akasogeza kiti chake mpaka magoti yao yakakaribiana, akamkodolea macho.

"Piga, Mama Otilia. Na wewe, Baba Otilia, nieleze namna ya kuchuma kahawa. Unitazame machoni. Usijikune."

Tadea akapiga sufuria. Alipiga kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, na hakuna wa kumlaumu, kwa maana alikuwa amengoja nafasi hiyo miaka mingi.

"Unachuma nyekundu tu," Placidi akaanza. "Ile mbichi unaiacha. Halafu ile... ile... Mwalimu, mbona unanikodolea? Unachuma, halafu..." Akajikuna. Akasahau kilichofuata, yeye aliyechuma kahawa tangu utoto. Akasimama, akalivua gunia akalitupa. "Zimeni hicho kitu," akanguruma.

Edina akazima redio. "Mbona unanifokea mgeni wako?" akauliza kwa upole. "Kiburi hicho."

Placidi akakaa. Alitaka kukasirika, lakini Tadea alikuwa amefunika uso kwa kanga na mabega yake yalikuwa yakitikisika, ikabidi naye acheke.

"Sasa huyo mtoto anaishi hivyo kutwa," Edina akasema. "Ubongo wake unapokea mambo kwa namna yake. Sauti ambayo wewe huisikii, yeye inamjaa. Lebo ya nguo ambayo wewe huihisi, yeye inamchoma. Siyo ugonjwa, na hauambukizi. Siyo laana. Wala hamkukosea kumlea. Hakuna dawa ya kuuondoa, na akija mtu kuwauzia, mwonyesheni njia aliyojia."

"Lakini siku ile shuleni alipiga kelele akakimbia."

"Alizidiwa. Wewe umezidiwa sasa hivi, na hata kahawa moja hujanichumia. Akizidiwa, msimpige na msimhoji. Mpeni mahali pa kimya mpaka atulie. Na jambo linalokuja mwambieni mapema. Linalomwangukia ghafla ndilo linalomwangusha."

"Na hili la kutotazama watu? Wazee wanalalamika."

"Asipokutazama ndipo anapokusikia vizuri. Akilazimishwa kukutazama, anafanya kazi mbili kwa pamoja, na zote zinaharibika."

Placidi akafikiri. "Basi niambie nimfanyie nini. Kila kitu."

"Mimi siwezi," Edina akasema. "Wenye usonji hawafanani. Kinachomuumiza huyu, mwenzake anakipenda. Anayemjua Otilia yumo ghalani. Gonga, muulize, halafu unyamaze mpaka ajibu."

"Ninyamaze mpaka ajibu?"

"Utajaribu," Mwalimu Edina akasema, akaaga, akaondoka. Mwavuli ukabaki umeegemea ukutani.

Jumatatu Placidi akagonga mlango wa ghala. Alishusha sauti mpaka akadhani ananong'ona.

"Otilia. Kinachokusumbua ni nini?"

"Bado kubwa," Otilia akasema kutoka ndani.

Akashusha. "Bado," Otilia akasema. Akashusha tena mpaka mwenyewe hakujisikia, na hapo mlango ukafunguka kidogo.

"Sasa nakusikia," Otilia akasema.

Kisha hakusema kitu. Placidi akauma ulimi. Mbuzi akapita, akamtazama, akaenda zake. Maneno yalimjaa Placidi mdomoni, naye akayameza moja moja. Alikuwa karibu kushindwa, Otilia alipoanza kuzungumza, na alipoanza hakukoma.

Alisema hataki kupapaswa kichwani. "Ukitaka kunishika, nishike kwa nguvu. Ama usinishike." Alisema wageni si wabaya, ila aambiwe kabla hawajafika. Alisema redio inapowaka wakati wa chakula, ugali unakosa ladha. Alisema anaipenda shule, kengele ndiyo haipendi. Na alisema yale majibu ya hospitali yalikuwa yake, na asingependa kuyasikia yakirudi kutoka mlima wa pili.

"Nisamehe kwa hilo," Placidi akasema. "Sitarudia."

"Sawa."

"Na mimi mwenyewe je? Hunipendi?"

Otilia akautazama mlango. "Wewe nakupenda. Sauti yako ndiyo siipendi. Hivyo ni vitu viwili."

Siku zilizofuata hazikuwa rahisi. Placidi aliwanong'oneza mbuzi watoke kwenye mahindi, nao wakaendelea kula. Kwaya ilikosa mtu wa kumfuata, ikapotea katikati ya wimbo. Bonde zima likashangaa huo ukimya, na majirani wakakubaliana kwamba sasa Placidi ndiye mgonjwa. Mama Violet akaja na asali na tangawizi ya koo. Ila safari hii walikuwa wamejifunza kitu. Mzee Ignatio alisimama nje ya ua kwanza, akauliza polepole, "Tuingie, au tuje siku nyingine?" Tadea akaenda kumuuliza Otilia. Otilia akasema waingie wachache.

Placidi na Mwalimu Edina wakaenda shuleni. Mkuu wa shule aliwasikiliza. Wakakubaliana Otilia apewe kitanda cha pembeni, mwisho wa bweni, mbali na kengele. Akizidiwa aende maktaba bila kuhojiwa. Na ratiba ikibadilika, aambiwe jana yake. Yule mwalimu aliyemfokea akaja mwenyewe kumwomba radhi.

"Asante," Otilia akamjibu. "Kweli ulikosea."

Akarudi shule, na safari hii akakaa. Likizo ilipofika, alilala ghalani lakini alikula ndani, redio ikiwa imezimwa. Wakati huo mavuno ya kahawa yalikuwa yameanza, na Tadea akauliza magunia yatawekwa wapi. Placidi akayabeba yote akayapanga sebuleni. Tangu hapo aliyetaka kukaa kwa Kapinga alikaa juu ya kahawa.

Likabaki jambo moja kubwa. Askofu alikuwa anakuja kutoa Kipaimara, na Otilia alitaka kukipokea pamoja na wenzake. Placidi alitaka hivyo kuliko kitu chochote. Alitaka pia baada ya kanisa binti yake akae kwenye sherehe yake mwenyewe, asitokee dirishani. Kwa hiyo siku ya kazi, kanisa likiwa tupu, wakampeleka akaone atakaa wapi na atapita wapi.

"Bibi amesema Askofu atanizaba kofi," Otilia akamwambia Katekista Joakim.

"Hapana. Zamani aligusa shavu kidogo. Siku hizi anapaka mafuta kwenye paji la uso, basi."

"Mafuta ni ya baridi?"

Katekista alikuwa amefundisha Kipaimara miaka mingi, na hakuna aliyewahi kumuuliza hilo. Ikabidi aende kwa paroko. Akarudi na jibu kwamba siyo ya baridi wala ya moto. Otilia akaridhika. Akapangiwa mwisho wa benchi, karibu na mlango wa pembeni. Msimamizi wake akawa Mwalimu Edina, aliyeagizwa kumwekea mkono begani kwa uzito, siyo kumgusagusa.

Siku yenyewe ikaenda vizuri. Otilia alivaa gauni jeupe ambalo mama yake alikuwa amelikata lebo. Alipakwa mafuta, akarudi mahali pake. Mwavuli ukabaki kanisani.

Nyumbani Placidi alikuwa amemweleza kila mwalikwa mapema. Hakuna redio. Hakuna vigelegele. Mwenye furaha apunge mikono. Kwa hiyo Otilia alipoingia uani, mikono yote ikainuka kimya kimya, na wanawake wakapeperusha kanga. Mama Violet alivibana midomoni mwake vigelegele vilivyokuwa vimeshaanza kutoka. Otilia akakaa kwenye kiti mlangoni mwa ghala, mlango wazi nyuma yake, sahani mapajani. Akala. Placidi alimtazama kwa mbali, na moyo wake ukatulia.

Kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye Placidi hakumweleza. Huyo alikuwa shemeji yake Elias, kaka wa Tadea, wa Mbaha. Elias aliongoza kikundi cha mganda, ile ngoma ya wanaume wa mwambao wa Nyasa, wanaovaa kaptula nyeupe na kucheza kwa mistari iliyonyooka, kwa ngoma na vibuyu vinavyovuma. Elias alikuwa ameahidi kuleta mganda kwenye ubatizo wa Otilia, asije. Akaahidi tena kwenye Komunyo ya Kwanza, asije. Ahadi ya mara hii hakuna aliyeijali.

Mwaka huu, kwa bahati mbaya, aliitimiza.

Ngoma zikaanza kusikika kutoka bondeni. Lori lilikuwa limewashusha kwenye kijito, nao walikuwa wanapanda mlima kwa miguu, wakipiga. Otilia akainua kichwa. Akaiweka sahani chini. Mikono yake ikapanda masikioni, naye akawa anaitazama njia ya kurudi ghalani.

Wageni wote wakamgeukia Placidi. Kulikuwa na sauti moja tu Mapera iliyoweza kuizidi ngoma ile. Placidi akasimama, akavuta pumzi mpaka vifungo vya koti vikakaza. Kisha akamwona Otilia. Akaitoa pumzi yote polepole. Akapiga simu. Simu ya Elias ilikuwa ndani ya suruali yake, na suruali ilikuwa ndani ya lori, kwa maana kaptula za mganda hazikuwa na mifuko.

Basi Placidi akakimbia. Alishuka mlima akiwa na suti ya harusi yake, akipunga mikono yote miwili juu ili wanyamaze.

Elias akamwona kutoka chini. Miaka yote aliyokuwa akija Mapera hakuwahi kupokelewa hivyo. Akafurahi sana, akawaambia wapigaji waongeze.

Njia ya mkato ilipita kwenye shamba la ngoro, na shamba la ngoro ni mashimo matupu mlima mzima, yaliyochimbwa ili mvua isibebe udongo. Placidi akatumbukia katika shimo la kwanza, akapotea. Akaibuka, ngoma zikamshangilia. Akatumbukia katika la pili. Kila alipoibuka, mikono ilikuwa bado juu, na kila mara wapigaji waliongeza. Vijana wa Mbaha wakasema baadaye kwamba hawakujua Wamatengo, watu wa milima hii, wanacheza vizuri hivyo.

Alipofika hakuwa na pumzi, na kiatu kimoja kilikuwa kimebaki shimoni. Akaikumbatia ngoma kubwa, akailalia kwa tumbo. Kukawa kimya.

"Shemeji," akanong'ona.

Elias akashtuka. Hakuwahi kumsikia Placidi akinong'ona. "Nani amefariki?" akauliza.

Placidi akamweleza. Elias akanywea. "Nimeahidi mara mbili nisije," akasema. "Leo nimekuja, unaniambia nirudi?"

"Sijasema urudi. Ngoja nikamuulize mwenyewe."

Akapanda mlima tena, kwa njia ya kawaida safari hii. Otilia alikuwa ndani ya ghala, lakini mlango haukuwa umefungwa. Placidi akauliza, kisha akanyamaza. Sasa alikuwa amejua kungoja.

"Ngoma sitaki," Otilia akasema hatimaye. "Ila mistari naipenda. Niliuona mganda kwenye simu ya mama, nikazima sauti. Wacheze bila kupiga."

Na ndivyo ilivyokuwa. Wanaume wa Mbaha wakapanga mistari uani, na kaptula zao nyeupe, na soksi zao zilizovutwa mpaka magotini, wakacheza mganda bila ngoma. Kilichosikika ni miguu tu juu ya udongo. Mwanzoni wageni walibana vicheko, maana ni jambo la ajabu kuwaona watu wazima wakigeuka kwa pamoja bila kuambiwa na chochote. Baadaye hawakucheka. Ilikuwa nzuri.

Otilia akatoka. Akasimama, akatazama sana.

"Yule wa tatu," akasema, "anaanza na mguu usio wake."

Mistari ikasimama. Elias akamgeukia kijana wa tatu, aliyeitwa Leopold. "Nimekwambia tangu Mbaha," akasema. "Sasa umeonekana hata huku." Leopold akabadilisha mguu, na uani mikono yote ikapunga.

Wakaendelea. Otilia akachukua kiti chake mlangoni mwa ghala, akakiburuta mpaka alipokaa baba yake, akakaa. Hakumtazama. Placidi naye hakugeuka. Kisha akahisi bega la binti yake limeegemea la kwake, kwa nguvu, kama alivyosema anapenda. Placidi alilia, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alilia kimya.

Jioni ilipokaribia, wageni wakaaga. Mzee Ignatio alikuwa ameshafika kwake. Lori la Elias lilikuwa limeshavuka kijito na kuanza kupanda mlima wa pili, Tadea alipoiona ngoma kubwa. Ilikuwa imekaa chini ya mti wa kahawa, imesahaulika, kwa kuwa siku nzima haikuwa na kazi.

Wakapiga simu. Ikaita, ikaita. Suruali ilikuwa bado chini ya mizigo ya lori, na Elias, bado ndani ya kaptula, hakuisikia kwa mngurumo wa injini.

Waliobaki wakamtazama Placidi. Placidi akamtazama Otilia, akatikisa kichwa. "Nitampelekea Mbaha mwenyewe," akanong'ona.

Otilia akaitazama ngoma. Akalitazama lori.

"Mwite," akasema.

"Sauti ya kufika kule ni ile moja tu, mwanangu. Unaijua."

"Naijua. Subiri."

Akaweka viganja masikioni, akabana sawasawa. Akafumba macho. Akajiandaa bila haraka, na hakuna aliyemharakisha. Kisha akaitikia kwa kichwa.

Placidi akaenda ukingoni mwa shamba, akavuta pumzi, akaita jina la shemeji yake. Kuku wakaruka. Mzee Ignatio akaitika kutoka kwake bila kuitwa, na mtu mwingine akaitika mbali zaidi. Kule mlima wa pili taa nyekundu za lori zikawaka, likasimama.

Otilia akafumbua macho, akashusha mikono.

"Amesikia?"

"Amesikia," Placidi akanong'ona.

"Basi. Leo imetosha."

Akaingia nyumbani kwa mlango wa mbele, akapita katikati ya magunia ya kahawa, akaanza kupanga sahani za chakula cha jioni.